Runinga ya Mwalimu wa Kwaya

Nilianza kazi siku ya Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, wiki moja baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha nne. Saa naikumbuka kwa sababu runinga zote za ukutani mle dukani zilikuwa zinaionyesha, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nashindwa kusema hodi. Nyuma yangu malori yalikuwa kwenye foleni ya kwenda mpakani, kama ilivyo Tunduma siku zote, na vumbi lake lilikuwa linanitangulia kuingia.

Mama Mwenye Duka akaniona.

"Wewe ndiye Sekela?"

"Ndiyo."

"Eti?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sema kwa sauti mwanangu, hapa tunauza spika."

Ninawaandikia ninyi wadogo zangu ambao mtamaliza shule na kupelekwa dukani kusubiri matokeo. Mtasema miezi michache si kazi ya kusimuliwa. Kwangu ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya, na nimeshaistaafu, kwa hiyo nasimulia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kaunta, upande wa nyaya. Kebo ya HDMI niliijua siku hiyo hiyo: ndiyo inayobeba picha na sauti kwa pamoja kutoka kwenye king'amuzi mpaka kwenye runinga. Zile za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ni za zamani, zinagawana mzigo huo. Wateja wengi walitoka ng'ambo ya mpaka. "Mulishani," wananisalimu kwa Kibemba, na mimi natabasamu tu na kunyanyua kebo juu waione. Mama Mwenye Duka alivumilia kama mwezi hivi, kisha akamwita Fundi Mkuu.

"Mchukue huyu. Ana akili, ila anauza kwa macho. Huko kwenye mapaa hakuna wa kumsalimia."

Ndivyo nilivyohamishiwa kituo cha pili, ambacho hakikuwa na mahali. Kilikuwa pikipiki ya Fundi Mkuu, begi la spana, na mimi nyuma nimekumbatia dishi. Tulikwenda popote tulipoitwa. Fundi Mkuu alikuwa mtu mrefu wa maneno mafupi. "Tivii ikigoma usigombane nayo," alikuwa akisema. "Fuata waya. Kama hakuna waya, fuata taa."

Somo kubwa nililipata Itaka, kwa mzee mmoja mwenye shamba la kahawa aliyetupokea kwa ukali.

"Fundi, waifai yako imekufa!"

"Haijakufa, baba. Bando ndilo limekwisha."

"Si kitu kimoja hicho?"

"Hapana." Fundi Mkuu akashika rauta, kile kiboksi chenye antena. "Hiki kinaunganisha vitu vya humu ndani. Simu yako na tivii yako vinaongea kupitia hapa. Hiyo ndiyo waifai. Bando ni barabara ya kutoka nje kwenda kwenye intaneti. Barabara ikifungwa, watu wa ndani wanaacha kuongea?"

Mzee hakuamini mpaka Fundi Mkuu alipochukua simu ya mzee huyo na kurusha video ya harusi ya binti yake kwenye runinga bila bando hata kidogo. Kurusha ndilo neno tulilotumia: video inabaki kwenye simu, lakini picha na sauti vinatokea kwenye runinga. Simu ikisharusha mara moja inaishika runinga ile kwa jina lake. Ukiwa mbali, jina linabaki, ila linakuwa la kijivu. Fundi Mkuu alinifundisha hivi: "Kijivu maana yake simu inamkumbuka, lakini hayupo karibu." Sikujua kama sentensi hiyo ingenirudia.

Jumamosi yangu ya mwisho kazini, majina ya kidato cha tano yakiwa yameshatoka, tuliitwa Mlowo. Kazi ilikuwa ndogo: kushusha dishi kwenye nyumba ya mjane anayehama.

Nyumba ilikuwa ndani kidogo kutoka barabara kuu, kelele za magari ya mazao zinafika kama watu wanaoongea chumba cha pili. Mwenye nyumba, Mama Eliza, alikuwa anafunga mabegi. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Mlangoni alisimama mdogo wake marehemu, ambaye watoto walimwita Baba Mdogo, amekunja mikono.

"Kirikuu inakuja jioni kuchukua mizigo," alisema. "Anarudi kwao Isongole."

"Na watoto?" Fundi Mkuu akauliza.

"Wanamfuata mama yao. Shule zipo kila mahali." Akashusha sauti. "Si kwamba namfukuza, fundi. Kaka ndiye hataki. Kila siku jua likianza kulala, tivii inawaka yenyewe na kaka anaongea humo. Dishi halijalipiwa. Rauta haina bando tangu msiba. Sasa anaingilia wapi? Mtu aliyelala vizuri haongei. Ana neno na nyumba hii."

"Mimi nimeitwa kushusha dishi, mkubwa wangu," Fundi Mkuu akasema. "Ya marehemu sina spana yake." Akapanda juu.

Mimi niliachwa sebuleni kukunja nyaya. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Runinga ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu nyumba yenye msiba haiwashi runinga. Nilikaa kwenye kochi nikaanza kukunja kebo. Juu ya bati hatua za Fundi Mkuu zilikuwa zinakwenda na kurudi. Kisha zikatulia.

Kitambaa kikaanza kung'aa.

Mwanga ulitoka kwanza kwenye matundu madogo ya uzi, halafu ukakijaza chote. Nyuma yake palikuwa na uso wa mwanamume. Nilitaka kuita, sauti ikakataa, kama kawaida yangu. Sijui nini kilinituma niinuke, lakini niliinuka na kukiinua kitambaa kile.

Niliona sebule hii hii. Mapazia haya haya, kalenda ile ile ya ukutani, na kochi nililokuwa nimekalia sasa hivi. Mwanamume mwenye shati jeupe alikuwa amekaa pale pale nilipokuwa mimi. Niligeuka nyuma. Kochi lilikuwa tupu, na alama ya makalio yangu bado ilikuwa kwenye mto.

"Haya, tuanze tena," mwanamume akasema, akaimba mstari mmoja, kisha akanyamaza kama anayesubiri kujibiwa. "Sauti ya pili mnachelewa." Akanyamaza tena. Halafu akaniangalia mimi. "Wewe wa nyuma, usiogope. Toa sauti."

Wadogo zangu, niwaambie ukweli. Kanisani kwetu naimba sauti ya pili, mstari wa nyuma kabisa, na kwa miaka yote ile nilikuwa nafungua mdomo tu. Hakuna aliyejua.

Mama Eliza aliingia ameshika beseni. Hakushtuka.

"Ameanza," alisema, kama mtu anayetaja mvua.

"Mama... huwa hamchomoi waya?"

"Nilichomoa siku mbili. Ukimya wa nyumba ukawa mbaya zaidi. Nikarudisha." Akaweka beseni chini. "Nimeshamuuliza, Baba Eliza, nimekukosea nini? Ananijibu tuanze tena. Sasa nianze wapi, mwanangu? Nimechoka kutafuta kosa. Bora niondoke apumzike."

Runinga ikaimba tena mstari ule ule, tangu mwanzo. Ndipo nikakumbuka: hakuna waya, fuata taa.

Rauta ilikuwa juu ya kabati. Taa ya intaneti ilikuwa nyekundu, imekufa, kama Baba Mdogo alivyosema. Lakini taa ya waifai, ya pembeni yake, ilikuwa inapepesa haraka haraka kama jicho lililoingiwa na mchanga. Barabara ya nje ilikuwa imefungwa, lakini humu ndani mtu alikuwa anaongea.

"Kuna rauta nyingine?" niliuliza, kwa sauti ndogo mno hata nikarudia.

"Kuna kiboksi stoo ya kahawa. Alikiweka ili simu yake ishike akiwa shambani."

Nilitoka. Stoo ilikuwa na giza na harufu ya magunia. Kiboksi kile, cha kurefushia waifai, kilikuwa ukutani, na taa yake ilikuwa inapepesa sawasawa na ile ya ndani. Nyuma ya stoo kulikuwa na njia nyembamba kati ya mikahawa, imeanza kuota majani, na mwisho wake nyumba moja ndogo. Nilisikia sauti ya Mwalimu ikinifuata kwa mbali kupitia dirishani: mnachelewa. Nikaenda mbele.

Bibi kizee alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kwenye majani kulikuwa na kipande cha sola, waya umetoka hapo mpaka kwenye simu aliyoishika sikioni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Niko na fundi wa dishi."

Alikuwa mama yake Mwalimu. Alinieleza kwa Kinyiha, na Kinyiha ni lugha ya mama yangu. Siku ya kuondoa matanga vitu vya marehemu viligawanywa kama ilivyo desturi: koti kwa mdogo wake, baiskeli kwa mpwa, na yeye akachagua simu, kwa sababu mjukuu alimwonyesha kwamba mwanawe yumo. Sola inaijaza simu mpaka alasiri. Ikiwaka, anagusa uso wa mwanawe.

"Uso unakuja," alisema, "sauti hanipi. Wengine wanasema kule nyumbani kwake anaongea. Mimi niliyemzaa ananinyamazia." Akanionyesha kioo. "Ninamgusa tena na tena. Pengine hajanisikia."

Kwenye kona ya kioo kulikuwa na alama ya kurusha, na chini yake jina la runinga: Sebuleni. Jina halikuwa la kijivu.

Ningeweza kugusa alama ile pale pale, sauti ikarudi kwenye simu, tukashusha dishi tukaondoka. Mama Eliza angepanda kirikuu akiamini kwamba mumewe amenyamaza kwa kuwa yeye ameondoka. Nikasema, "Bibi, twende." Akasema tangu matanga hajakanyaga kule, hawasemeshani na mkamwana wake. Nikamshika mkono hata hivyo.

Tulipofika, kirikuu ilikuwa imeshaingia uani, dereva anapiga honi. Mabegi yalikuwa barazani. Baba Mdogo alimwona mama yake akatoa mikono kwapani. Fundi Mkuu alikuwa kwenye ngazi. Wote wakaniangalia, na ulimi wangu ukaganda. Nikajua nitalia, na nikilia watadhani nimeona mzimu.

Kutoka ndani Mwalimu akasema, "Wewe wa nyuma, usiogope. Toa sauti."

Nikaitoa.

"Ni simu!" Ilitoka kali, dereva akaacha honi. "Ni Bibi anamwita kwa simu. Simu inarusha video yake kwenye tivii, na tivii inaamka yenyewe. Haitaki bando, inataka waifai ya ndani tu. Mwalimu ndiye aliyeiunganisha hivyo, na haikusahau."

"Haiwezekani," Baba Mdogo akasema. "Rauta haina..."

"Haina barabara," Fundi Mkuu akadakia kutoka ngazini. "Watu wa ndani wanaongea. Mwonyeshe, Sekela."

Tukaingia wote sebuleni. Nikagusa alama kwenye simu. Runinga ikawa nyeusi, na mkononi mwa Bibi sauti ikasema: tuanze tena. Bibi akaiweka simu kifuani, akainama.

"Kumbe alikuwa kwako," alisema.

"Kumbe ni wewe, mama, uliyekuwa unamwita," Mama Eliza akajibu, na wakashikana mikono.

Baba Mdogo alitoka nje. Tukamsikia akimwambia dereva arudi alikotoka. Kisha tukasikia mabegi yanaburutwa, yanarudishwa ndani, moja moja.

"Na dishi?" Fundi Mkuu akauliza.

"Liache," alisema Mama Eliza.

Nikataka kutenganisha simu na runinga kabisa, ndiyo kazi ilivyo. Bibi akakataa. "Acha kama alivyoacha yeye. Nikimtaka nitakuja hapa, tumsikilize wawili."

Wakati tunaondoka nilimuuliza Mama Eliza yule wa nyuma alikuwa nani siku ile ya kurekodi.

"Alikuwa peke yake," alisema. "Alikuwa anaiandaa kutuma kwenye kundi la kwaya. Humu sebuleni hapakuwa na mtu."

Njia nzima ya kurudi Tunduma nilikuwa naona baridi ingawa jua lilikuwa bado lipo. Mlangoni kwetu Fundi Mkuu alizima pikipiki. "Kwenye mapaa umemaliza," alisema. "Nenda shule."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Nikitazama nyuma, sijui mengi. Najua nyaya zipi zinabeba nini. Najua taa ikipepesa kuna mtu anaita, na mara nyingi hana nia mbaya, ameshika tu simu akidhani hasikiwi. Kuhusu yule wa nyuma, sina maelezo.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, nilifungua simu yangu. Kule Mlowo, kabla hatujaondoka, nilikuwa nimeiunganisha na runinga ile kuijaribu. Jina lilikuwepo: Sebuleni. Lilikuwa la kijivu, kama inavyopasa. Sikulifuta. Nilivaa sare ya kwaya, nikaenda kanisani, nikasimama mstari wa nyuma mahali pangu, na sauti ya pili ilipoingia, sikuchelewa.