Mwaka Tuliokula Mabati

Enzi zetu sisi, tuliokulia kijijini Issuna miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na sukari, mtoto hakuulizwa anataka kula nini. Aliulizwa kama amenawa. Ulikaa chini, ukamega ugali wa mtama mwekundu kama udongo wa njia, ukachovya kwenye mlenda unaovutika mpaka kidevuni, na ukimaliza ulisema ahsante mama, ahsante baba. Leo wanangu hapa Mandewa, mjini Singida, wanafungua friji, wanaona wali wa jana, mayai, mchicha na nusu kuku, wanaifunga, kisha wananiambia nyumbani hakuna chakula. Nacheka tu. Si kwamba hawana adabu. Hawalijui neno wanalolitumia.

Tulicheza rede kwa mpira wa matambara ya mitumba, maana mitumba nayo ndiyo ilikuwa imeruhusiwa, na shati likichakaa mwilini lilihamia kwenye mpira. Tulicheza mdako kivulini mwa nyumba mpaka vidole vikachubuka. Shuleni tulikwenda na kidumu cha maji mkono huu na ufagio mkono ule. Ukikutana na mtu mzima njiani ulisimama, ukasema shikamoo, ukangoja akuulize wewe ni mtoto wa nani, ingawa alikujua tangu ukiwa mgongoni. Nyumbani ilikuwa Kinyaturu kitupu. Kiswahili tulikuwa kama tunakivua mlangoni pamoja na vumbi la shule.

Nyumba za kwetu zilikuwa tembe, kuta za miti na udongo, na juu udongo pia, bapa kama sinia. Baba yangu hakuipenda tembe. Alikuwa mtu wa kutazama mbele, mtu wa kusikiliza redio, na malori ya wafanyabiashara yalipoanza kuingia kijijini kununua nafaka kwa yeyote na kwa bei yoyote mliyokubaliana, yeye alikuwa wa kwanza kwenda kuongea na dereva. Kabla ya hapo tuliuza kupitia ushirika tu. Sasa ilikuwa wewe na gunia lako na mnunuzi.

Mwaka mmoja mtama ulikubali vizuri sana. Baba akauza karibu wote. Nakumbuka mama amesimama kwenye mlango wa ghala, mikono nyuma, anaangalia magunia yakipandishwa.

"Baba Neema," alisema, akimwita kwa jina langu, "bakiza kihenge kimoja kilichojaa."

"Mwakani tutavuna tena," baba akasema. "Watoto wangu hawatalala tena chini ya udongo."

Lori lililofuata lilileta mabati. Baba na fundi walijenga nyumba ya vyumba vitatu, wakaiezeka, na ikawa nyumba ya kwanza ya bati upande wetu. Watu walikuja kuitazama. Siku ya mvua ya kwanza hatukusikiana ndani kwa kelele zake, na baba alikaa katikati ya chumba akitabasamu kama bwana harusi. Sisi watoto tulijiona tumehamia mjini bila kuondoka Issuna.

Mwaka uliofuata mvua ilikuja, ikalowesha vumbi, ikaondoka. Mtama ulifika magotini ukajikunja. Watu wakasema ni mwaka mbaya, miaka mibaya ipo, tutapanda tena. Tukapanda tena, na safari hiyo hata magotini haukufika. Wingu lilikuwa linakusanyika upande wa mashariki, tunatoka wote nje kulitazama, halafu linapita juu yetu kwenda kwa wengine.

Ukame ule haukutupiga sote sawa. Hilo nililiona nikiwa mdogo na sijalisahau. Waliokuwa na ng'ombe wengi waliwaswaga mapema kwenda magharibi kwenye majani. Waliokuwa na ndugu kwenye miji ya reli walipelekewa unga. Wenye maduka walifunga na kuhama. Tuliobaki pale tulikuwa sisi tusio na ng'ombe wala mtu mjini, na chini yetu walikuwa watu kama Bibi Zaituni, jirani yetu, mjane aliyekuwa analea wajukuu wawili na mguu wake mmoja mbovu. Yeye alianza kulala na njaa miezi kadhaa kabla yetu, na hakuna aliyemsikia akisema.

Baba aliondoka kwenda kutafuta kibarua upande wa Itigi na huko mbele. Alisema akipata tu atatuma kitu. Mwanzoni zilikuja salamu kwa mdomo wa madereva: mzima, anatafuta. Baadaye hata salamu zikaacha kuja.

Tukaanza kupungua. Ugali ukawa uji, uji ukawa maji yenye rangi. Mama alipika majani ya kunde aliyoyakausha zamani, yalipokwisha akapika majani ambayo siku za shibe tulikuwa tunawakatia mbuzi. Shuleni watoto walianguka mstarini asubuhi, mwalimu akawa anatukusanya tukiwa tumekaa. Mdako haukuchezwa tena. Mdogo wangu wa mwisho, Elia, aliyekuwa anajua kukimbia kabla hajajua kuongea vizuri, akawa anakaa tu ukutani, miguu imenyooka, anaangalia nzi.

Ndani kulikuwa na kibuyu. Mama alikuwa ameweka mbegu za mtama humo, akazichanganya na majivu, akakining'iniza juu ya moto kwenye moshi. Sote tulijua kilipo. Mtu mwenye njaa hawezi kulala chumba kimoja na chakula bila kukitazama.

Asubuhi moja mama alifunga kanga kiunoni, akaenda kwa jirani kuazima ngazi, akaiegemeza kwenye nyumba. Kabla hajapanda, baba mkubwa Yohana, kaka yake baba, akatokea. Nadhani mtu alikuwa amemwambia.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Shikamoo, shemeji. Naezua chumba cha pembeni. Nitapeleka mabati kwa mfanyabiashara wa Mkiwa nipate nafaka."

"Nyumba hii ni ya mdogo wangu. Mwanamke haezui nyumba ya mume wake. Mngoje mwenyewe arudi."

Mama hakuwa mtu wa kujibizana na wakwe. Alimwangalia Elia pale ukutani, kisha akamgeukia baba mkubwa.

"Shemeji, una debe la mtama unipe nimngojee nalo?"

Kwa baba mkubwa nako moto ulikuwa hauwaki kila siku, tulilijua hilo.

"Basi nishikie ngazi," mama akasema.

Hakuishika. Aligeuka akaondoka polepole, fimbo mkononi. Aliyeishika ni Bibi Zaituni, na mguu wake ule, akiwa amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu, mikono miwili imekamata ngazi kama mtu anayekamua ng'ombe mkorofi. Mama alipanda. Alikuwa hajawahi kupanda juu ya nyumba maishani mwake, alituambia baadaye. Alichomoa misumari kwa nyuma ya shoka, mmoja mmoja, na kila uliotoka alinirushia mimi niunyooshe kwa jiwe. Alisema misumari nayo ina mnunuzi.

Tulikwenda Mkiwa kwa miguu, mama, mimi na kaka yangu, mabati yamefungwa kwa kamba, yamekunjwa kidogo yakae kichwani. Upepo wa Singida mnaujua. Ulikuwa unaingia chini ya bati unataka kukubeba, na mimi niliyekuwa mwepesi niliyumba njia nzima kama mlevi. Watu walitoka kutuangalia. Wengine walitupa pole, wengine walitazama chini, kwa sababu nyumba kuvuliwa ni kama mtu kuvuliwa.

Pale njia panda ya Mkiwa kulikuwa na bohari ya mfanyabiashara, magunia yamepangwa mpaka juu. Mama alichota kiganja kimoja cha mtama, akaupuliza, akatafuna punje mbili.

"Huu ni wa kwetu," alisema. "Huu umetoka Issuna."

"Mama, mtama hauna jina," yule bwana akajibu. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa biashara, naye alinunua kihalali.

Mama hakulia na hakugombana. Alikaa juu ya mabati yake, akasema hatasimama mpaka debe lijazwe lifanye kilemba, siyo kusawazishwa kwa ubao. Walibishana hadi jua likageuka. Mwishowe yule bwana akajaza kilemba, na akaongeza kiganja juu, labda kwa kuchoka. Tukarudi na mtama.

Siku hiyo tulikula ugali. Kabla ya kutupakulia, mama alipakua sinia la kwanza akanituma kwa Bibi Zaituni. Kaka yangu alinung'unika. Mama akamwambia, "Yule ameshika ngazi." Baada ya siku chache Bibi Zaituni na wajukuu wake wakahamia kwetu kabisa, wakaja na boriti na fito za nyumba yao iliyokuwa inaanguka. Kwa miti hiyo mama na Bibi walifunika chumba kilichoezuliwa. Wakapanga boriti, wakatandaza fito na nyasi, juu wakakandika udongo, kwa mtindo uleule ambao baba aliukimbia. Tulikanyaga udongo kwa miguu, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisikia watoto wakicheka.

Mtama ule ukaisha. Chumba cha pili kikaezuliwa. Safari hii baba mkubwa Yohana alikuja na koleo yake ya kung'olea misumari. Alipanda, akafanya kazi, jioni akala nasi, na mama akamfungia mtama kwenye kitambaa apeleke kwake.

Kisha Elia akaugua. Alivimba miguu, nywele zikawa laini na nyekundu, akawa hataki hata kulia. Chakula kilikuwa kimeisha tena, na kilichobaki ni chumba cha katikati, kile cha baba, na kibuyu juu ya moto. Watu wazima walikaa uani wakashauriana mchana kweupe, sisi tukisikia.

"Fungua kibuyu," baba mkubwa alisema kwa upole. "Mtoto anakwisha. Mbegu zitatafutwa."

"Zitatafutwa kwa nani?" mama akauliza. "Kila mtu amekula zake. Mvua ikija, tutapanda nini?"

"Na ukiezua hapo, mume wako atakuta nini?"

"Atakuta watoto."

Bibi Zaituni ndiye aliyeinuka kwanza kuifuata ngazi. Nilikuwa nimeshika mkono wa Elia, na ulikuwa mwepesi kama ufito. Niliogopa sana, siyo kwa sababu ya nyumba. Niliogopa kwamba mama amechelewa.

Hakuchelewa. Mabati ya mwisho yalileta nafaka, na mama aliuza misumari na kufuli la mlango akanunua maziwa kwa wafugaji waliokuwa wanapita. Alimnywesha Elia kwa kijiko, akimsemesha Kinyaturu, bila kuacha, mpaka siku moja mtoto akausukuma mkono wake kwa hasira na kudai kikombe chake mwenyewe. Bibi Zaituni alisema mtoto akianza ukorofi amepona.

Mvua zilikuja mwisho wa mwaka ule, za kweli. Kwenye kijiji kizima waliokuwa na mbegu walikuwa wachache. Mama alikishusha kibuyu, akapanda shamba letu, na zilizobaki akazigawa kwa bakuli, kwa baba mkubwa, kwa mashamba ya majirani, kwa Bibi Zaituni aliyepanda kando ya shamba letu akiburuta mguu kwenye tope.

Baba alirudi mtama ukiwa kifuani. Nilimwona akisimama mbali, akitafuta nyumba yake kwa macho. Alikuwa amekonda, shati halikuwa lile aliloondoka nalo. Alikuwa anatafuta mng'aro wa bati, na mbele yake kulikuwa na tembe.

"Nani aliezua nyumba?" aliuliza alipofika.

"Mimi," mama akasema. "Karibu ndani. Umechoka."

Baba alitutazama mmoja mmoja. Sote tulikuwapo. Akamwinua Elia, akamweka begani, akaingia akiinamisha kichwa kwa sababu mlango ulikuwa umeshuka. Hakuuliza tena. Na tangu mwaka huo, lori likija, dereva akimwita baba pembeni, baba alikuwa anasema, "Ngoja nimuulize mwenye ghala."

Siku hizi mvua zimekuwa na vichwa vyake. Zinachelewa, au zinakuja zote kwa pamoja na kubeba barabara. Hapa mjini hali ya hewa tunaisoma kwenye simu, vijana wanajua joto la kesho na la keshokutwa, lakini hawajui jirani wa geti la pili anaitwa nani. Zamani ukitazama tu juu ya mapaa ulijua kwa nani moshi haujapanda leo. Sasa sote tunapikia gesi, na mtu anaweza kulala na njaa ukuta kwa ukuta na wewe usijue. Hilo ndilo linalonitia simanzi zaidi ya kiu ya mashamba. Ndiyo maana mimi hupita nikibisha hodi mtaani, wanangu wanaona aibu, wananiambia mama siku hizi watu hutumiana ujumbe kwanza. Nawajibu kwamba nitaendelea kubisha.

Juzi anga lilikuwa jeupe, kila mtu analalamika, nikampigia mama Issuna. Sasa ni mtu mzima sana, anasikia kwa shida.

"Shikamoo mama. Mvua imenyesha huko?"

"Marahaba. Bado," alisema. Nyuma yake nilisikia majembe na sauti za wanawake wakiongea. "Tumeshapanda."