Saba Tatu

Pale hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Saba Tatu, fundi wa kompyuta, na jina hilo alijitafutia mwenyewe: faili ikigoma kufunguka, aliipa namba saba mara tatu, yaani ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha kwa kila mtu, kisha huyoo, kwenye chai.

Miaka mitatu nyuma, skripti yake, programu fupi ya kukusanya majibu ya maabara, ilikwama asubuhi moja, madaktari wakamjia juu. Akachomeka humo mstari wa kuyapa majibu yote saba tatu. "Nitarekebisha kesho," alisema. Kesho hiyo hakuiona, na kusema kweli hakuitafuta.

Mdogo wake wa kike, mshonaji wa shuka palepale, alitaka kupima damu kabla ya kuolewa, lakini akasita. Kaka mtu akacheka. "Pima hapahapa. Faili nalinda mimi."

Jumanne majibu yakatoka: ana virusi. Kabla daktari hajamwita, karani wa mapokezi alikuwa ameshayafungua kwenye kompyuta yake, na saa sita jikoni walikuwa wanayapakua pamoja na maharage. Jioni mchumba akatuma ujumbe wa mstari mmoja: usinitafute tena.

Saba Tatu alipoorodhesha ruhusa za majibu yale, herufi zote tisa za ruhusa zilikuwa zimejaa, hakuna hata kistari kimoja cha kumzuia mtu. Aibu ikamwasha masikio. Akaweka sita kwa msimamizi, nne ya kusoma tu kwa madaktari, sufuri kwa wengine, basi. Kwenye skripti akafuta ule mstari, akaongeza ukaguzi, ikikuta mtu mwingine ana ruhusa isimame. Akaingia kwa jina la karani, akajaribu. Kompyuta ikajibu: huna ruhusa. Kazi ya dakika nne, jamani, ameiahirisha miaka mitatu.

Akamfuata mdogo wake nyumbani, akamkuta anafungasha nguo.

"Nimeshafunga, mdogo wangu. Sasa wanaofungua ni madaktari tu."

"Na wewe?"

"Mimi ni msimamizi. Msimamizi hafungiwi."

Mdogo wake akakunja gauni, akalinyoosha kwa kiganja. "Jumanne uliyafungua?"

Aliyafungua. Saa mbili asubuhi, kabla ya karani, kabla ya daktari, eti anahakikisha skripti imefanya kazi. Saa nne mdogo wake akapita dirishani na shuka zake, akampungia mkono. Naye akampungia.

"Kaka, nakuuliza."