Kutupwa kwa Kiuno Nyuma ya Mashine ya Kahawa

Sisi tuliokulia Bwera tukilala chali kwenye makapi ya kahawa tunajua kitu ambacho vijana wa leo hawakijui: kuogopa vizuri. Shule niliacha darasa la tatu. Nyumba ya matofali nimejenga, kahawa ninauza, na sijawahi kuomba chumvi kwa jirani. Lakini hofu nilifundishwa, na aliyenifundisha alikuwa fundi viatu.

Jina lake Paluku, Mkongo wa Butembo, aliyejifunza judo kwa mapadri kabla ya kuvuka mpaka kuja kwetu Uganda. Jioni mashine ya kukoboa kahawa ikishazimwa, alitukusanya nyuma ya mashine hiyo, kwenye lundo la makapi. Yalikuwa bado yana joto, yanawasha shingo, yanaingia masikioni. Ukifika nyumbani mama anajua ulikotoka kabla hujafungua mdomo. Nguo za judo tungepata wapi? Mama zetu walikata magunia, wakashona mikono huku wakinung'unika: "Shingo utavunja wewe, na gunia langu umeondoka nalo."

Paluku alitufundisha mtupo mmoja tu, wa kiuno. Unaingia, unageuka, unapeleka kiuno chako chini ya cha mwenzako mpaka anakaa mgongoni kwako kama mkungu wa ndizi, kisha unamwinua na kumzungusha mbele. Ukiwa wewe ndiye unayetupwa, hapo ndipo hofu ilipo. Miguu imeacha ardhi, milima imepinduka, na kinachokuzuia kutua na kichwa ni vidole vya mtoto mwenzako kwenye mkono wa gunia lako. Basi. Hakuna kingine.

"Usimuachilie," Paluku alikuwa akisema, kandambili mkononi. "Mutoto wa mutu haiko kiloba ya muhogo. Umuweke chini polepole."

Kwa hiyo kabla ya kushikana, kila mmoja alivuta kwanza mkono wa nguo ya mwenzake, asikilize mshono. Wa mwenzake, si wake. Mshono ukilia, hakuna mchezo, rudi kwa mama yako na sindano.

Siku moja ya soko alikuja Thembo, mtoto wa wavuvi wa Hamukungu, kifua kama mlango. Naye Paluku alikuwa akimfundisha kila mama yake alipoleta samaki. Watu wakataka kutuona, wakatuzungushia duara palepale sokoni, kwenye ardhi ngumu ya mawe. Makapi hakuna.

"Wewe kijana, umeshaaga nyumbani?" muuza nyanya mmoja akaniuliza, wakacheka wote.

Thembo akavuta mkono wa gunia langu. Mshono haukulia. Tukashikana, kiuno chake kikaingia chini yangu, nikapanda. Nilipokuwa kule juu nikasikia gunia linapasuka begani.

Angeweza kuniachilia nianguke. Alikuwa ameshanishinda, kila mtu ameona. Lakini alitupa goti lake kwenye mawe, akanikumbatia kifuani, tukaanguka yeye chini mimi juu. Soko zima likacheka kwamba jitu la Hamukungu limeangushwa na panya. Goti la Thembo lilikuwa limechunika, jeupe kabla damu haijaja. Paluku akamshika mkono, akauinua.

"Huyu ndiye ameshinda. Mwenzake iko anapumua."

Leo mjukuu wangu wa kike, Biira, anacheza judo Kasese mjini. Wana magodoro, wana nguo nyeupe kama za komunio ya kwanza, na wanapigana picha kwa simu hata jasho halijatoka. Nilienda kuwaona. Kiuno hakiingii chote tena. Kinagusa upande kidogo, mwili unazunguka upesi, na anayetupa anaruka pamoja na mwenzake, anamwangukia na uzito wote ili mgongo ulie na pointi ipatikane. Kocha anapiga makofi: "Mmalize, Biira. Dondoka naye."

Tukirudi nikamwambia amshike mwenzake, amlaze.

"Babu, nikimlaza kama yai atanipindua. Mashindano si mazoezi."

Ni kweli, sibishi. Kwa kiuno chetu kile cha pole angeshindwa kabla chai haijapoa.

"Na huyo utakayeshindana naye Jumamosi," nikamuuliza, "yeye anatupaje?"

"Hivyo hivyo, Babu. Tena mzito kunishinda." Akacheka, akaendelea na simu yake.

Toka hapo naangalia ile shingo yake nyembamba akiinama kufagia, nageuza macho. Enzi zetu hofu tuliibeba wawili, aliye juu na aliye chini yake, ndiyo maana tulifika nyumbani. Sasa wasichana wawili hawaogopi kitu, na mzigo wote wameniachia mimi mzee, nitakayekaa benchi la mbele Jumamosi, nikimwangalia mtoto mzito ambaye hata jina la mama yake silijui.