Kipaza na Paa la Kanisa

Aliuza ndoo na beseni sokoni, na sauti aliipata huko huko, maana usipopaza, mteja anaishia kwa jirani. Kanisani tulimwita dada huyu Kipaza. Kila kulipokuwa na mchango, wazee wa kanisa walimwachia shughuli nzima, wao wakakaa pembeni kama wageni waalikwa.

Mwaka ule paa lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, mchungaji alihubiri huku akihamahama, na beseni za Kipaza zilipangwa katikati ya viti. Fundi aliyepanda kuangalia alishuka akitikisa kichwa: kenchi zimeliwa na mchwa, mabati ni ya kung'oa yote.

Siku ya mchango Kipaza alikuwa moto. Alikuwa na mtindo wake. Anakuita mbele ya watu, anakutania, watu wanacheka, mpaka unaona afadhali utoe yaishe. Mwenye duka la dawa aliambiwa ana mkono wa birika, akaahidi mbao zote za kenchi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tulipenda sana kuona wenzetu wakikaangwa, ilimradi zamu yetu haijafika.

Kisha macho yake yakatua kwa mdogo wake, fundi cherehani, aliyekaa karibu na mlango na mkewe.

"Na huyu je? Suruali za watu anazishona vizuri, lakini mfuko wake mwenyewe ameushona mdomo!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Fundi akainua kidole kimoja: bati moja.

"Moja? Si litafunika kichwa chako tu, mdogo wangu? Na wanao wanyeshewe?"

Fundi akasimama. Mkewe alimvuta shati, lakini wapi.

"Thelathini," alisema.

Vigelegele vikapigwa. Kipaza alishuka akamkumbatia mbele yetu, na siku ile alijivunia ndugu yake kwelikweli.

Mabati thelathini yalifika kabla ya ahadi ya mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Kipaza alikuja kujua alipompelekea mdogo wake kitambaa cha gauni, akakuta kibandani kwake mtu mwingine anatengeneza simu. Vyerehani vyote viwili vilikuwa vimeuzwa. Ndugu yake sasa alikuwa kibarua upande wa pili wa mji, kwa fundi ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Kanisani alikuwa ameacha kuja. Hakugombana na mtu, alisema tu kwamba Jumapili anachoka.

Roho ikamsuta Kipaza. Jioni moja alipiga moyo konde, akaenda kwake, akamkuta barazani akishona vifungo kwa mkono.

"Kwa nini hukuniambia huna?"

"Ningekuambia saa ngapi, dada? Kipaza sauti ulikuwa nacho wewe."

Kipaza akaketi. "Basi nitasimama Jumapili, tukuchangie cherehani. Unanijua mimi, pesa itapatikana siku hiyo hiyo."

Fundi aliweka sindano chini. "Usisimame, nakuomba. Watatoa, najua. Lakini utawachekesha kwa kumtania nani safari hii?"

Kipaza aliinuka, akaaga. Alirudi kwake akilia njiani bila kujificha.

Paa sasa ni zuri, halivuji hata tone. Wazee walipotaka kuweka sakafu, Kipaza alikataa kusimamia mchango, wakamweka mwimbaji mmoja wa kwaya aliyejifunza mtindo wake neno kwa neno. Kijana akaanza na mama mmoja mjane aliyekaa nyuma: "Mama, hiyo pochi unaiatamia kama kuku?" Tukaanza kucheka, na mimi nikiwemo.

"Mwache!"

Alikuwa Kipaza, amesimama. "Mwacheni atoe alichonacho. Au asitoe."

Mchango ulipoa palepale. Sakafu mpaka leo ni ya vumbi, na wapo wanaomlaumu yeye.

Mke wa fundi, ambaye hakuacha kusali nasi, alimsimulia mumewe yote. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema dada yake amefanya vizuri. Jumapili iliyofuata Kipaza alifika mapema, akamwekea ndugu yake nafasi kando yake. Mke alikuja na watoto tu.