Nyumba Inayotukanwa Kila Asubuhi

Asubuhi hiyo nilimkuta jirani yangu anaitukana nyumba.

Si utani. Mwanamke mzima, kilemba kichwani, dekio mkononi, amesimama kwenye mlango wa kibanda cha wageni. Ndani hamna mtu.

"Mwangaluka, Doto! Umelala mpaka jua limekukojolea? Doto pua kama kinu! Doto mnyonya mawili, mwenzako akanyonye ukuta!"

Nyuma yake kulikuwa na wageni wawili kutoka Dar, wanamrekodi kwa simu huku wanacheka mpaka wanashikana mabega.

"Hizi ndizo nyimbo za asili," mmoja akasema. "Zinapotea hivi hivi. Rekodi, rekodi!"

Mimi sikucheka. Nilitua ndoo yangu ya sato, nikajifanya natafuta kitu kwenye kanga.

Ngoja niwapeleke taratibu.

Mimi ni Mama Nelly. Samaki nauza Runzewe, umbea nagawa bure. Kwangu haipiti siku bila kula na mtu ambaye sikumwalika, na ndivyo ninavyopenda. Jirani yangu huyo ni Paskazia, Mama Kulwa. Kijiji chetu sitakitaja.

Kuna chemchemi kwetu. Maji yanatoka chini ya jiwe, baridi, masika na kiangazi. Pembeni kuna miti mikubwa, na nyasi laini, lakini hakuna ng'ombe anayelishwa pale.

Hebu fikiria. Huku kwetu, kwenye ng'ombe kila kona, nyasi nzuri namna ile na hakuna anayezigusa. Mtu mwenye akili angejiuliza.

Pale ndipo wanapolazwa pacha.

Kwetu pacha ni watoto wa mvua. Mmoja akitangulia, lile neno la mtu kukata roho halitamkwi. Tunasema amerudi majini. Analazwa kwenye udongo wenye unyevu. Hawekewi msalaba wala jiwe, na hapaonyeshwi kwa kidole.

Na haliliwi. Anaimbiwa matusi, watu wanacheka, ili naye aondoke anacheka. Mama akilia, au akilitamka lile neno, mvua inakata, na pacha aliyebaki anamfuata mwenzake.

Ndiyo, Jumapili tupo kanisani wote, mstari wa mbele. Lakini haya tumeyakuta.

Doto wa Paskazia alirudi majini hata meno hajaota. Nilikuwepo. Tulimwimbia, na Paskazia alitukana kuliko sisi wote. Maziwa yanamlowesha kanga, yeye anatukana.

Kulwa akabaki, akakua. Hakuwahi kuambiwa mwenzake yuko wapi. Sasa ni mchimbaji, anashuka duarani huko Geita, yale mashimo ya dhahabu ambayo ukichungulia unamwomba Mungu kabla hujaingia.

Basi akaja Davis.

Kijana mzuri, ana adabu, anakula kila anachopewa. Kazi yake ni kuzunguka nchi na kurusha video za sehemu za kufika kabla hazijabadilika. Alifikia kwangu. Angefikia wapi kwingine?

"Shangazi, pale chemchemi pana historia gani?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Maji tu."

Akamuuliza Paskazia.

"Hakuna kitu. Maji tu."

Akauliza kila mlango, na kila mlango ukamjibu maji tu. Unadhani tungemwambia nini? Ndivyo tulivyofundishwa.

Naye akarusha kama alivyoambiwa: "Hapa hakuna kitu, ndugu zangu. Ni maji, kivuli na ukimya. Wahini kabla hapajaharibika!"

Wakawahi, jamani!

Bodaboda kutoka Runzewe, magari kutoka Kahama. Maharusi wanakuja kupiga picha, spika zinaunguruma, nyama inachomwa. Na mikeka, wanatandika wapi? Kwenye zile nyasi laini.

Nilikuwa namwona Paskazia anakwenda na ndoo tupu, anarudi na ndoo tupu.

"Maji vipi, Mama Kulwa?"

"Foleni."

Hapakuwa na foleni.

Haukupita muda, akaja mwekezaji. Anataka kujenga vibanda vya wageni palepale. Ukaitishwa mkutano wa kijiji, akaja na afisa mmoja mpole, mtu wa kusikiliza.

"Wananchi, sitaki baadaye tulaumiane," afisa akasema. "Kama pale kuna makaburi, semeni leo. Mradi tunausogeza kule ng'ambo, hakuna ugomvi. Kuna makaburi?"

 Kijiji kizima kinatazama viatu vyake.

"Narudia. Kuna kaburi lolote? Hata moja?"

Moja tu! Tungesema moja tu, mambo yangeisha.

Paskazia akasimama.

 Kila mtu alijua anasimama kwa ajili ya nani.

"Karibu mama," afisa akasema. "Kuna kaburi?"

Alifungua mdomo. Kisha akaitazama simu yake mkononi. Asubuhi ile Kulwa alikuwa amempigia: "Nazama, mama. Nikitoka nitakupigia." Na mpaka saa ile hajapiga. Mtoto yuko chini ya ardhi, anashikiliwa na kamba na magogo. Mama akikubali kuna kaburi, amelitamka lile neno juu ya Doto, na Kulwa atamfuata. Atatokaje?

"Nilitaka kuuliza," Paskazia akasema. "Wataajiri watu wa usafi?"

Watu wa mwekezaji wakaangua kicheko.

Mimi nikainuka. Nikasema liwalo na liwe, mtoto si wangu, tumbo langu halijabeba pacha, ngoja niseme mimi. Akanidaka kanga kwa nyuma.

"Mama Nelly," akaninong'oneza. "Mwanangu yuko chini."

Nikakaa. Mdomo wangu wote huu unaojua ya kila nyumba, siku ile ulikuwa mzigo tu.

"Basi," afisa akasema. "Hakuna makaburi."

Kulwa alipiga simu jioni. Mzima.

Vibanda vikajengwa viwili, vimefanana kila kitu. Mwekezaji akataka majina ya kienyeji. Fundi akasema hivi ni pacha, tuviite Kulwa na Doto. Wote wakapiga makofi.

Kibanda cha Doto ndicho kimekaa juu ya zile nyasi.

Na kazi ya usafi Paskazia akapewa. Sasa mnajua anamwamkia nani kila siku na dekio lake. Wageni wanadhani ni burudani, na wengine wanamtunza.

Mngefikiri yameisha. Nami nilifikiri hivyo.

Wiki iliyopita nikakutana na Kulwa pale vibandani, ameshuka kwenye bodaboda, miwani usoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Dhahabu imekuona?"

"Imenikonyeza tu!" Akacheka. "Leo nami mtalii. Nimechukua kibanda, na nimechagua kile cha Doto. Acha nilale kwa pacha wangu!"

Mama yake alikuwa pale mlangoni, ameshika mashuka. Nilimwona anataka kusema, anameza. Angemkataza kwa sababu gani? Akaenda, akatandika kile kitanda kwa mikono yake, akakilainisha, akakilainisha tena.

Asubuhi nikawahi na samaki wangu, na ukweli samaki walikuwa kisingizio. Kulwa akatoka anajinyoosha shingo.

"Mama, kitanda kipana vile, lakini nimeamka nimebanwa ukutani. Usiku kucha kama nampisha mtu."

Paskazia aligeukia mlango wa kibanda. Kisha akachukua dekio.

"Doto mnyonya mawili! Mgeni wako umemnyima hata nafasi ya ubavu! Doto pua kama kinu, huna haya!"

Kulwa alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Naye mama akacheka, macho makavu kabisa.

Nikacheka na mimi. Ningefanya nini?

Ndugu zangu wa kutembea, sisemi msitembee. Njooni, samaki wapo, kwangu mlango haufungwi. Ila ukifika mahali ukakuta nyasi nzuri ambazo hata ng'ombe hazigusi, na kila mwenyeji anakujibu hapa hakuna kitu, usitandike mkeka.

Vua viatu.

Na mkinisoma vizuri, lile neno mimi sijaliandika popote. Kulwa ameshuka tena duarani leo.