Jeshi la Maharagwe

Kila nikichambua maharagwe, ile harufu ya vumbi na maganda makavu ikinipanda puani, narudi kwenye nyumba yetu ya Beni, alasiri ile ambayo Mama alikuwa shambani upande wa Eringeti na risasi zikaanza kulia hukohuko.

Papa alifunga mlango, akasimama kidogo. Halafu akachukua mbegu za Mama, zile tulizokatazwa hata kuzigusa, akazimwaga zote kwenye mkeka. Akaniambia mimi na mdogo wangu Paluku tukae, atufundishe namna jeshi linavyopangwa.

Sisi, jamani, tulijua neno moja tu. Kila mwenye bunduki kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, tulimwita commandant, maana Mama alisema neno hilo linafungua njia. Paluku alidhani ni jina lao la ubatizo! Siku nyingine Papa angecheka. Siku ile aliendelea tu: haragwe moja, soldat. Fungu dogo, section. Section zikikusanyika, bataillon. Bataillon zikikusanyika, compagnie. Juu kabisa akaweka haragwe nene jekundu, ndiye général. Milio ilipokaribia, alipaza sauti, akavuruga kila kitu na kutuamuru tupange upya. Niliogopa, lakini vidole vyangu vilikuwa na kazi.

Paluku akauliza général anakaa wapi. Papa akajibu, mbali. Hapo ndipo nilipoona kwamba ngumi yake ya kushoto haikufunguka tangu tuanze, na kati ya vidole lilichungulia haragwe moja.

"Papa, na ile?"

"Ile hapana ya jeshi," akasema polepole. "Ile tunaingojea."

Jua lilikuwa linashuka mlango ulipogongwa. Mama aliingia na matope mpaka magotini, hana kikapu, kiatu kimoja hakipo. Akatazama mkeka.

"Ni nani alimwanga mbegu yangu?"

 Papa alifungua ngumi, akamwekea Mama lile haragwe kiganjani, limelowa jasho, ganda limechubuka. Mama akaketi chini, akalia.

Juzi mwanangu aliniuliza habari za jeshi, nikamweleza vilevile. Jirani yetu mwanajeshi akanicheka mpaka akakohoa: compagnie ndiyo inayoingia ndani ya bataillon, mama! Donc Papa wangu, muuza sabuni, jeshi hakulijua hata chembe. Alikuwa anabuni tu, huku yeye akiisikiliza barabara ya Eringeti, ili sisi tusiisikilize.