Mvua ya Babu Ukutani

Nimerudi Msambweni tangu juzi, likizo ya shule, na kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni ile picha ya mvua chumbani kwa bibi. Ipo. Mchwa wameila kona ya chini, lakini ipo.

Wewe hukuiona, basi nikueleze. Babu alikuwa mpishi wa meli, akaileta kutoka Japani kabla ya vita. Alikuwa akisema huko watu huchonga ubao, wakaupaka rangi, wakaugandamizia karatasi. Kuna mlima wa buluu, misonobari, na watu watatu wanakimbia njiani, miavuli imeinama. Na mvua yenyewe ni mistari myembamba, mirefu, imelala upande, kama nywele zilizochanwa sasa hivi. Utotoni nilikuwa nikiitazama mpaka nasikia baridi mabegani.

Bibi alikuwa akiifunika kwa leso kuukuu, kisha akiifunua. Sikuuliza kwa nini. Mimi kuuliza huona haya hata leo. Lakini jirani yetu, mama mnene wa vicheko, alikuwa akianika mbata uani kwetu, na kila akizitandaza mikekani, harufu ya nazi imejaa mpaka jikoni, humpigia bibi kelele: "Bi mkubwa! Funika mvua yako, mbata zangu ziko juani!"

Naye bibi humjibu, "Nimeshaifunika, niache."

Basi nikajua: leso ndiyo inayoizuia mvua.

Siku moja bibi alikwenda kisimani. Nikapanda juu ya kinu, nikaifunua, nimwone tu yule mtu wa nyuma ambaye kiatu chake kimoja kimebaki matopeni. Nikasahau kuirudisha leso. Alasiri ikanyesha mvua ya kumwagwa. Mbata za wiki nzima ziliroa, zikaota ukungu, zikatupwa. Mwezi wa pili yake jirani akahamia Ramisi. Niliamini nimemfukuza mimi. Miaka saba nimelibeba jambo hilo, sikumwambia mtu.

Leo asubuhi yule jirani kaja kumwamkia bibi. Nikamwambia shikamoo, nikashindwa kumtazama, kisha yakanitoka yote pamoja na machozi.

"Mbata?" akasema. "Mbata zipi?" Halafu akakumbuka, akajipiga kofi pajani. "We mtoto! Mimi nilikwenda harusini Galu, nikacheza mpaka nikazisahau. Mawingu niliyaona kwa macho yangu! Na Ramisi nilimfuata mume wangu, kapata kazi kiwandani. Bi mkubwa, umesikia? Mjukuu wako ananyesha mvua!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Ile leso ni ya swala," akasema. "Ukuta ule ndio wa kibla. Nitaswali vipi, watu watatu wanakimbia mbele ya uso wangu?"

Walipotoka nikakaa mbele ya picha, nimepumua kama niliyetua mtungi. Uani hakuna mikeka siku hizi, wala harufu ya nazi. Yule mtu wa nyuma, mchwa wamemla miguu, na kiatu chake hakipo tena. Nikamtazama nipendavyo, jua kali nje, halikudondoka tone. Nilifurahi, wallahi. Ila nilisikiliza paa kidogo.

Adhuhuri bibi akaingia, ametawadha, mikono inachuruzika maji.

"Haya, mwenye mvua," akasema. "Nifunikie."